Saa Kumi na Moja ya Gisiri

Kemuma Motari alifika kisiwa cha Mfangano mwezi wa Oktoba 2022 akiwa na mabegi mawili na laptopu aliyoizungushia leso mbili isije ikagongwa. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Chuoni alisomea mambo ya maji, kisha akapita katika kazi za mikataba ya miezi mitatu mitatu, Nyamira kwanza, halafu Migori, hadi kampuni moja ndogo ya kufuga samaki ilipomwita kisiwani. Samaki wenyewe walifugwa kwenye vizimba, makasha makubwa ya nyavu yanayoelea ziwani, mwendo wa robo saa kwa boti kutoka ufuoni.

Kampuni ilimwita kwa sababu. Mwezi wa Agosti, ngege, samaki waliofugwa humo, wa vizimba sita walikuwa wamekufa kwa siku moja. Watu wa ufuoni bado walisimulia jinsi walivyoelea, weupe, matumbo juu, na harufu iliyodumu wiki nzima. Meneja, Bwana Ratemo, Mkisii mwenzake, alimwambia siku ya kwanza kwamba anataka kujua chanzo, na anakitaka kwa maandishi. Kazi ya Kemuma ingekuwa kuingiza kwenye kompyuta vitabu vyote vya vipimo vilivyoandikwa kwa mkono, kisha aendelee kupima maji yeye mwenyewe kwa chombo kipya.

Alipanga chumba nyuma ya duka la nafaka. Majirani walizungumza Kidholuo, na yeye hakukijua zaidi ya salamu na bei za sokoni. Walimwita nyar Kisii, msichana wa Kisii, bila ubaya wowote. Lakini mwaka ulipoisha bado walimwita hivyo, na wengi hawakuwahi kuuliza jina. Siku ya Sabato alikwenda kanisani, akaimba nyimbo alizozijua kwa sauti na si kwa maneno, akasikiliza mahubiri yasiyomwingia, akapewa mikono mlangoni, kisha akarudi chumbani kula chakula alichokipika Ijumaa kabla jua halijatua.

Mtu pekee aliyemzoea mapema alikuwa mtunza vizimba, Wesley Gisiri, Mkuria wa upande wa Isebania. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini hivi, mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyelala kwenye kibanda cha ufuoni na kutangulia kila mtu kuingia majini. Asubuhi alimsalimu Kemuma kwa Kikuria, naye Kemuma akaitikia kwa Kikisii, maana lugha hizo mbili ni ndugu na zinaelewana nusu kwa nusu. Kila mmoja alicheka kidogo jinsi mwenzake alivyolipinda neno. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, dakika mbili, kisha Gisiri akaenda zake botini na Kemuma akaingia ofisini. Hakuwahi kuketi naye. Alidhani muda upo.

Vitabu alivyokabidhiwa vilikuwa vitatu, vya jalada la bluu, vimevimba kwa unyevu. Vyote vilikuwa vya mkono wa Gisiri, mwandiko uliosimama wima na ulionyooka. Kwa kila siku kulikuwa na mistari miwili, mmoja wa saa 11 na mwingine wa saa 7, na mbele yake joto la maji, oksijeni iliyomo majini na hali ya upepo. Kemuma aliingiza mistari hiyo kwa muda wa wiki tano. Ofisini kila kitu kiliandikwa kwa saa za Kizungu. Kitabu cha chakula cha samaki, alichokiandika Ratemo, kilisema 9.00. Ratiba ya boti ukutani ilisema 2.30. Kwa hiyo Kemuma hakujiuliza. Aliandika 11:00 na 19:00, na kompyuta ikapokea.

Kazi hiyo aliifanya ndani ya kile ambacho watu wa kompyuta hukiita daftari. Ni ukurasa ambao maneno, hesabu na michoro hukaa pamoja. Unaandika aya ya maelezo, chini yake unaandika maagizo ya hesabu, kompyuta inayatekeleza na jibu linatokea papo hapo, kisha unaendelea na aya nyingine. Anayesoma haambiwi jibu tu. Anaona lilivyopatikana, na akitaka anaweza kulichukua daftari zima na kuliendesha upya kwenye mashine yake. Kemuma alikuwa amejifunza jambo hilo peke yake huko Migori, katika miezi ambayo hakuwa na kazi, akiwa amekaa nyuma ya kibanda cha dada yake Valentine aliyeuza ndizi. Alilipenda kwa sababu lilikuwa wazi. Katika kazi zote alizopitia alikuwa ameona ripoti nyingi zenye majibu yasiyojulikana yalikotoka.

Mchana upepo ulipopanda na boti kusimama, yeye alikaa ofisini penye umeme wa sola akajenga tovuti yake. Ilikuwa ndogo, yenye jina lake juu na anwani ya barua pepe chini, bila picha. Kulihamisha daftari la kwanza hadi tovutini kulimchukua wiki tatu. Mara ya kwanza michoro yote ilipotea. Mara ya pili majedwali yalitoka nje ya kioo cha simu. Akayakata, akapunguza uzito wa michoro ili ifunguke kwa bando kidogo, akabadilisha maelezo yote kutoka Kiingereza hadi Kiswahili, kwa sababu alitaka wafugaji wa samaki wa ufuo huu na fuo za jirani wasome wenyewe kwenye simu zao. Kiungo alikituma kwenye kundi la WhatsApp la ufuo. Mtu mmoja aliweka alama ya dole gumba. Baada yake tangazo la mazishi likaja, na jambo likaishia hapo.

Januari 2023 alichapisha daftari alilolipa jina la Kwa Nini Samaki Walikufa Agosti. Mchoro wake ulikuwa safi. Ulionyesha chakula kikiwekwa saa tatu asubuhi na oksijeni ikishuka hadi chini kabisa saa tano, saa mbili baadaye. Samaki wakishiba hupumua zaidi, hilo Kemuma alilijua kutoka chuoni, na kitabu cha chakula kilionyesha kwamba wiki ile magunia yaliyotumika yalizidi. Aliandika kwamba inaelekea mtunza vizimba aliwalisha kupita kiasi. Aliandika inaelekea, na aliliweka neno hilo kwa makusudi. Ratemo alipolisoma hakuliona neno hilo. Aliuchapisha mchoro kwenye karatasi na kumwita Gisiri.

Kemuma alikuwepo ofisini. Ratemo aliuweka mchoro mezani na kusema kwamba ushahidi umeonyesha hewa ilikwisha baada ya chakula, na mwenye chakula mkononi alikuwa mtu mmoja. Gisiri aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Alifuata mstari kwa kidole.

"Siku ile sikuwalisha," alisema.

Ratemo alimjibu kwamba kitabu kinasema aliwalisha. Gisiri alimtazama Kemuma, si kwa hasira, kama mtu anayengoja mwenzake aongeze neno. Kemuma aliangalia kioo cha laptopu. Alijiambia kwamba yeye ni wa takwimu, mambo ya wafanyakazi hayamhusu. Gisiri alifukuzwa kazi, akaondoka kisiwani Jumanne iliyofuata. Kabla ya kupanda boti alipita ofisini akamsalimu kwa Kikuria kama kawaida, na Kemuma akaitikia kama kawaida. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Mtunza vizimba aliyemfuata alikuwa kijana wa pale pale aliyemaliza kazi haraka na kwenda kwao. Hapo ndipo Kemuma alipogundua kwamba siku nzima inaweza kupita bila yeye kusema sentensi iliyokamilika. Alipima maji, akayaandika, akachapisha. Mwaka mmoja na miezi kadhaa ikapita hivyo. Aliandika daftari kuhusu mvua na rangi ya maji, jingine kuhusu upepo wa kusini, jingine kuhusu magugu yaliyofunga mlango wa ufuo siku kumi na moja. Yalifika kumi na manne. Tovuti ilikuwa na kihesabu kilichoonyesha ukurasa umefunguliwa mara ngapi, na wiki nyingi kilionyesha mbili au tatu. Alijua kwamba moja ni yeye kwa simu, na nyingine ni yeye kwa laptopu.

Valentine alimpigia kila Jumapili. Aliuliza kama amekula vizuri, kama kuna mwanamume wa maana huko, na kama bado anaandika yale mambo yake. Siku moja akamuuliza anamwandikia nani hasa. Kemuma alimwambia yeyote atakayehitaji. Valentine akazungumzia bei ya ndizi.

Barua ilikuja Mei 2024, mchana, upepo ukiwa umepanda. Ilikuwa barua ya kwanza kufika kupitia tovuti tangu aijenge, na kwa muda alidhani ni tangazo.

"Shikamoo dada, au hujambo, sijui umri wako," iliandikwa. "Naitwa Werema, nafanya kazi kwenye kituo cha vifaranga vya samaki hapa Musoma. Nilikuwa natafuta habari za oksijeni kwenye vizimba kwa Kiswahili, nikakupata wewe tu. Nimelisoma daftari lako la Agosti na nimeliendesha upya, limekubali mara ya kwanza, hongera. Ila kuna jambo. Katika vitabu vya zamani maji yako ni baridi kuliko wakati wote saa tano asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Katika vipimo ulivyochukua wewe, baridi ni alfajiri, kama huku kwetu. Ziwa ni lile lile. Je, aliyeandika vitabu vile hakuwa anahesabu saa kwa Kiswahili?"

Kemuma aliisoma mara moja tu. Alisimama akaenda dirishani, akarudi, akafungua daftari. Yeye mwenyewe, mtu akimuuliza huamka saa ngapi, alijibu saa kumi na moja, na alimaanisha alfajiri, giza likianza kupungua. Gisiri aliandika 11 akimaanisha hiyo hiyo. Aliandika 7 akimaanisha mchana wa jua kali. Katika kurasa mia sita za mkono wake hakukuwa na kosa hata moja.

Rekebisho lilikuwa mstari mmoja. Aliuandika, akaliendesha daftari upya kuanzia juu, na mchoro ukahama mbele ya macho yake. Joto likakaa mahali pake, baridi alfajiri na vuguvugu mchana, sawa kabisa na vipimo vyake mwenyewe vya chombo kipya. Oksijeni ikashuka kabla ya mapambazuko, si baada ya chakula. Katika siku nne za mwisho kabla ya vifo, upepo wa kusini ulikuwa umeandikwa mkali, na kila alfajiri oksijeni ilishuka zaidi ya jana yake. Maji mazito ya chini, yasiyo na hewa, yalikuwa yakisukumwa juu. Alfajiri ya siku yenyewe kipimo kilikuwa moja nukta nne tu, pungufu mno kwa samaki. Wakati kitabu cha chakula kinasema samaki walilishwa, tayari walikuwa wamekosa hewa kwa saa nne.

Hakulia. Aliandika barua fupi ya kumshukuru Werema. Kisha akaketi na ile barua mbele yake, na jambo lililomuumiza zaidi halikuwa kosa. Ni kwamba mtu wa ng'ambo, asiyemjua Gisiri, alikuwa amevisoma vipimo vyake kwa kumwamini kuliko yeye aliyesalimiana naye kila asubuhi.

Angeweza kulifuta daftari. Hakuna ambaye angejua. Badala yake aliliacha lilivyokuwa, na juu yake akaweka maneno haya: "Daftari hili lina kosa, na kosa ni langu. Nilisoma saa za Kiswahili kama saa za Kizungu. Mtunza vizimba hakusababisha vifo vya samaki. Hesabu iliyorekebishwa iko chini, na ya zamani nimeiacha ili ionekane." Kisha akaenda kwa Ratemo.

Ratemo alimsikiliza hadi mwisho. Alisema ni bahati mbaya, kwamba kila mtu hukosea, na kwamba lile jambo limepita, sasa kuna mfanyakazi mwingine. Kemuma alipotaka kujua Gisiri anapatikana wapi, alimwambia hana namba yake tena. Kemuma alipofika mlangoni, Ratemo akaongeza kwamba ingekuwa vizuri maneno yale yasikae mahali pa wazi, kwa kuwa wanunuzi nao wana simu.

Mwezi wa Juni Kemuma alichukua likizo ya siku tano. Alivuka hadi Mbita, akapita Homa Bay, akafika Migori na kulala kwa Valentine, ambaye hakuelewa kwa nini mtu atumie likizo yake kumtafuta mfanyakazi aliyefukuzwa. Ijumaa asubuhi alikuwa Isebania. Alijua kitu kimoja tu, kwamba mke wa Gisiri anaitwa Scovia na anauza nguo za mitumba karibu na mahali malori yanapopanga foleni kuvuka mpaka kuelekea Sirare. Aliuliza kwa wabadilisha fedha, wakamwonyesha.

Scovia alikuwa akikung'uta shati. Kemuma alijitambulisha na kusema ametoka Mfangano. Scovia aliendelea kukung'uta.

"Wewe ndiye Madam wa picha?" aliuliza.

Kemuma alikubali. Scovia alimwambia, bila kupandisha sauti, kwamba ndugu zake yeye Scovia walikuwa wamesoma habari zile kwenye simu, kwamba Gisiri aliua samaki wa watu kwa uvivu, na kwamba katika kikao cha ukoo kuhusu shamba mmoja wao alimwambia hadharani kuwa aliyeshindwa kutunza samaki hawezi kupewa ng'ombe. Tangu siku hiyo mume wake hakukaa nyumbani. Alikwenda Macalder kwenye machimbo ya dhahabu, na hurudi mara moja kwa mwezi. Kemuma alisimama na karatasi zake mkononi. Kwa muda wote ule alidhani hakuna anayesoma.

Jumapili alifika Macalder. Sabato aliipitisha kwa Valentine, kanisani, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alielewa kila neno la mahubiri, lakini hakukumbuka lolote baadaye. Gisiri alikuwa kwenye mashine ya kusaga mawe, vumbi jeupe limemfunika hadi kope. Alipomwona alizima mashine, akanawa mikono, akamletea mtungi wa plastiki aukalie. Kemuma alimsalimu kwa Kikisii. Gisiri alimjibu kwa Kiswahili.

Kemuma alimweleza yote. Alimwonyesha mchoro wa zamani na mpya kwenye karatasi, na jinsi kosa lilivyopatikana. Gisiri aliweka karatasi mbili kwenye goti moja na kuzitazama kwa zamu.

"Niliandika kila siku," alisema. "Nilidhani mtu akisoma ataona."

"Siku ile ofisini, mbona hukuniambia nimekosea saa?"

"Ile picha ilikuwa na 11. Niliiona 11 yangu, mahali pake. Sikuona kosa." Aligonga karatasi kwa ukucha. "Mtu anabishanaje na picha asiyoona kosa lake? Nilisema nililojua. Nilisema sikuwalisha."

"Nilisikia, mzee."

"Najua ulisikia."

Kisha akamsimulia alfajiri ile. Alipima, akaona moja nukta nne, akapima tena. Alimpigia meneja simu mara tatu bila kupokelewa. Alijaribu kukokota kizimba kimoja kwa boti hadi kwenye maji mengine, mafuta yakamwishia katikati, akakaa pale akiwatazama samaki wakija juu kuvuta hewa kwa midomo. Hakuwapa chakula hata konzi moja. Nani angelisha samaki wanaokufa? Kitabu cha chakula, alisema, kilijazwa ofisini wiki nzima kwa mara moja, kwa kufuata ratiba iliyokuwa imeongeza magunia wiki ile. Kila mtu wa vizimbani alijua hivyo. Kemuma hakuwahi kumuuliza mtu yeyote wa vizimbani.

Alisema alichokuja kusema, kwamba anaomba msamaha. Gisiri alikunja karatasi taratibu, akazitia mfukoni mwa shati.

"Nimekusikia," alisema. Kisha akauliza, "Kwenye hiyo tovuti umeniandika nani?"

"Nimeandika mtunza vizimba."

"Huyo si mtu. Andika Wesley Gisiri. Andika kwamba mimi ndiye niliyepima."

Kemuma aliahidi. Alimuuliza kama angependa kurudi kisiwani, ikiwa Ratemo atakubali. Gisiri alitikisa kichwa na kusema karatasi zinatosha. Atazipeleka kwa mashemeji zake mwisho wa mwezi. Kisha akaiwasha mashine, na kwa kelele zile hawakuweza kuagana kwa maneno.

Kemuma alirudi Mfangano akaandika jina la Gisiri, mwanzoni na chini ya kila jedwali. Aliongeza pia maelezo ya Gisiri kuhusu alfajiri ile, simu tatu zisizopokelewa na kitabu kilichojazwa kwa ratiba, akieleza wazi kwamba hayo ni maneno ya Gisiri na kwamba ameyaamini. Ratemo alimwita akamwomba ayaondoe. Kemuma alimjibu kwamba kama kuna lisilo kweli aseme, atalirekebisha mbele ya kila mtu kama alivyorekebisha la kwake. Ratemo alirudia tu kwamba wanunuzi wana simu. Desemba mkataba wa Kemuma ulipofika mwisho, aliambiwa kwamba kampuni inapunguza watu. Ratemo alimpa mkono na kusema haikuwa kwa sababu ya yale maandishi. Kemuma alimwamini nusu.

Werema aliandika mara moja zaidi, maneno manne ya pongezi, kisha akanyamaza. Kemuma alimwandikia kuhusu Macalder, barua ndefu kuliko zote alizowahi kumwandikia mtu. Haikujibiwa. Labda alihama kazi, labda aliona ndefu mno. Mwaka uliofuata alimwandikia tena na barua ikarudi ikisema anwani hiyo haipo.

Siku hizi Kemuma anaishi Homa Bay, katika chumba kimoja Makongeni, na anafanya kazi na mradi wa maji ya mitaani. Anakusanya vipimo vya vioski ishirini na viwili, ni kiasi gani cha maji kimetoka na saa ngapi yamekatika, na kila baada ya miezi miwili anavichapisha kwenye tovuti ile ile. Kabla ya kuingiza kitabu cha mtu yeyote, kwanza huenda kukaa naye siku nzima. Humuuliza anavyohesabu saa, anavyosoma mita, anaandika nini siku ambayo hakuna maji.

Wiki iliyopita alikaa na Linet, mwenye kioski karibu na stendi. Linet alimpa kiti, akamwonyesha kitabu, akajibu kila swali kwa adabu na kwa ufupi. Aliamini kwamba Kemuma ametumwa kumchunguza. Kemuma alimwambia sivyo, mara mbili, na Linet akasema sawa Madam. Wanawake walikuja na mitungi, wakamtazama, wakapunguza sauti na kuongea Kidholuo. Alikaa hadi saa kumi na mbili jioni. Alipoinuka alishukuru, Linet akaitikia na kuanza kufunga mabomba, naye akashuka kuelekea Makongeni akiwa na kurasa sita za maelezo, mambo ambayo asingeyajua kama asingeuliza.